Kwa Nini Mkono wa Bati Hudondoka Begani kwa Askari wa Plastiki

Michezo ya vita ya mezani ina historia ndefu barani Ulaya, na mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells aliitungia kanuni katika kitabu chake Little Wars. Askari wengi wanaotumika leo wana urefu wa milimita 28 hivi, na mchezaji huwanunua wakiwa vipande: kiwiliwili, miguu, mikono, kichwa, silaha. Anavikata vipande kutoka kwenye fremu yake, anavisafisha, anaviunganisha kwa gundi, kisha anaketi na brashi nyembamba kuvipaka rangi. Vipande vikiwa vyote vya plastiki, kuunganisha hakuna taabu. Vikiwa vyote vya metali, kuna ugumu kiasi, lakini unazoeleka. Kazi huharibika pale mkono wa metali unapotakiwa kukaa kwenye bega la plastiki, au mpanda farasi wa metali anapopandishwa juu ya farasi wa plastiki. Kiungo kinashika, kinapendeza, kisha siku moja kinaachia, pengine baada ya rangi ya wiki nzima kukauka. Hapo karibu kila mtu hukimbilia kutafuta gundi kali zaidi. Mimi nashikilia kwamba tatizo haliko huko. Gundi tulizo nazo zina nguvu nyingi kuliko sanamu hizi zinavyohitaji. Kinachokishinda kiungo ni namna nguvu inavyokifikia, pamoja na tabia mbili zisizolingana za vitu vilivyolazimishwa kukaa pamoja. Dawa yake imo katika umbo la kiungo chenyewe.

Vitu hivi viwili vilikutanishwa na gharama. Plastiki ya sanamu hizi ni polistirini, ambayo huyeyushwa na kusukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya kalibu ya chuma cha pua. Kuchonga kalibu hiyo ni ghali sana, lakini ikishakamilika hutoa nakala maelfu kwa maelfu, kila moja kwa senti chache. Metali ni aloi ya bati yenye antimoni, na katika sanamu nyingi za zamani ilikuwa na risasi nyingi. Aloi hiyo humiminwa katika kalibu ya mpira inayozungushwa kwa kasi ili mzunguko uisukume hadi kwenye kila ukunjo wa vazi na kila kidole. Kalibu ya mpira ni rahisi kutengeneza ingawa huchakaa mapema. Kwa hiyo askari wa kawaida, anayehitajika kwa mamia, hutengenezwa kwa plastiki, na jemadari au mpiga tarumbeta, anayehitajika mmoja tu, hutengenezwa kwa metali. Kampuni ya Citadel Miniatures, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1979, iliuza kwa miaka mingi wapanda farasi wa metali pamoja na farasi wa plastiki. Warlord Games ya Nottingham nayo imekuwa ikitia vipande vya metali ndani ya baadhi ya masanduku yake ya askari wa plastiki. Aliyenunua sanduku kama hilo amenunua na tatizo la kisayansi ndani yake.

Ili kulielewa, tuanze na kiungo kisicho na matatizo. Gundi ya modeli za plastiki haikai katikati ya vipande viwili na kuvishika. Ni kiyeyusho, aghalabu asetati ya butili au butanoni. Polistirini imeundwa kwa molekuli ndefu zilizofungamana kama minyororo, na kiyeyusho huilegeza minyororo iliyo karibu na uso. Vipande vikibanwa pamoja, ncha za minyororo ya upande mmoja hupenya upande wa pili na kujisokota humo. Mwaka 1971 mwanafizikia Mfaransa Pierre-Gilles de Gennes alieleza jinsi mnyororo mrefu unavyosafiri katikati ya msongamano wa minyororo mingine, kwa kutambaa kwa urefu wake ndani ya njia nyembamba, na Tuzo ya Nobeli ya Fizikia aliyopewa mwaka 1991 ilitambua pia uchunguzi wake wa molekuli za namna hii. Kiyeyusho kikishageuka mvuke, mpaka kati ya vipande viwili haupo tena; kipo kipande kimoja cha polistirini. Metali haina minyororo ya kulegezwa. Ukitumia kiyeyusho hicho kwenye bati, plastiki hulainika upande wake, hujaza mikwaruzo midogo ya metali, hukauka, na huachia mara sanamu inaposhikwa. Kati ya plastiki na plastiki tunaweza kuufuta mpaka. Kati ya plastiki na metali mpaka haufutiki, na yote yanayofuata katika makala haya yanahusu jinsi ya kuishi nao.

Chombo cha kwanza cha kuishi na mpaka huo ni sianoakrilati, ambayo wengi wetu tunaiita supaglu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mkemia Mmarekani Harry Coover wa kampuni ya Eastman Kodak alikuwa akitafuta plastiki angavu ya vilengeo vya bunduki, na sianoakrilati ikamuudhi kwa kung'ang'ania kila ilichokigusa, akaiacha. Mwaka 1951 mwenzake Fred Joyner aliitandaza kati ya prizimu mbili za chombo cha kupimia kupinda kwa mwanga, na prizimu hazikuachana tena. Mwaka 1958 ikaingia sokoni kama gundi. Siri yake ni unyevu. Molekuli za sianoakrilati ziko tayari kuungana kuwa minyororo, na zinasubiri tu kichochezi chenye tabia ya alkali, hata kiwe kidogo namna gani. Utando mwembamba wa maji ulioko juu ya karibu kila kitu duniani unatosha kuanzisha kazi hiyo, na ndani ya sekunde chache majimaji yamegeuka kuwa kigumu. Ndiyo sababu hukauka upesi mahali penye hewa nzito ya mvuke, kama mwambao wetu wa Afrika Mashariki, na husuasua katika chumba chenye hewa kavu. Hushika metali vizuri na hushika polistirini vizuri, kwa hiyo inaonekana kama mpatanishi aliyetumwa. Ina upungufu mmoja mkubwa: ikishakauka ni ngumu na kavu, nayo hupasuka kabla ya kukubali kunyumbuka.

Sasa tupige hesabu. Chukua mkono wa metali wenye gramu 5, unaogusa bega kwa uso wa milimita 3 kwa 3, yaani milimita 9 za mraba. Hata tukikadiria kwa ubahili kwamba gundi inastahimili mvuto wa newton 2 tu kwa kila milimita ya mraba, kiwango ambacho supaglu iliyopakwa vizuri hukipita mara kadhaa, kiungo hicho kingebeba newton 18, sawa na uzito wa karibu kilo 1.8. Mkono una gramu 5. Gundi dhaifu imeuzidi uzito huo zaidi ya mara 350. Udogo wenyewe unasaidia: ukipunguza sanamu nusu kwa kila upande, uso wa kiungo hubaki robo, lakini uzito hushuka hadi thumuni. Kwa hiyo anayesema mkono ulidondoka kwa sababu metali ni nzito amesema nusu tu ya ukweli. Ukitulia juu ya rafu, mkono huo ungekaa miaka na miaka.

Nusu ya pili hujitokeza sanamu inapoanguka. Kitu kikidondoka kutoka meza yenye urefu wa sentimita 75 na kusimamishwa na sakafu ngumu ndani ya milimita moja, nguvu ya kukisimamisha ni takriban mara 750 ya uzito wake, kwa kuwa mwendo uliokusanywa katika milimita 750 unalipwa wote ndani ya milimita moja. Gramu 5 za mkono zinakuwa kama kilo tatu na robo tatu, na kilo 1.8 zetu zimeshapitwa. Mkono wa plastiki wenye umbo lilelile ungekuwa na uzito mdogo mara saba, kwa sababu sentimita moja ya ujazo ya polistirini ina gramu 1.05 na ya bati ina gramu 7.3, kwa hiyo huo ungepona kwa urahisi. Halafu kuna wenzo. Mkono ukinyooshwa mbele na upanga, ncha yake iko milimita 15 au zaidi kutoka begani, na kiungo kina upana wa milimita 3 tu. Kugusa ncha ya upanga kwa kidole, bila kudondosha chochote, kunatosha kuukuza msukumo mara tano ukingoni mwa kiungo. Sanamu nyingi zaidi, nadhani, huvunjwa na vidole na masanduku ya kubebea kuliko na sakafu.

Hapa ndipo namna ya nguvu inapokuwa na maana kuliko ukubwa wake. Kiungo kinaweza kuvutwa moja kwa moja, nyuso mbili zikaachana kwa pamoja. Kinaweza kusukumwa kando, uso mmoja ukitaka kuteleza juu ya mwingine. Au kinaweza kubanduliwa, nguvu ikaanzia ukingoni na kusonga ndani hatua kwa hatua. Katika namna mbili za kwanza gundi yote hufanya kazi kwa wakati mmoja, au karibu yote. Katika kubandua, mstari mwembamba tu wa ukingoni ndio unaobeba mzigo. Ukipasuka huo, mzigo uleule unahamia kwa mstari unaofuata. Gundi ngumu isiyonyumbuka haina jinsi ya kuugawa mzigo. Hata katika kuteleza ugawaji si sawa: mwaka 1938 Mjerumani Olaf Volkersen alionyesha kwa hesabu kwamba sahani mbili zilizopandana na kuunganishwa hulundika mkazo kwenye ncha za kiungo, huku katikati pakibeba mzigo mdogo zaidi. Ndiyo maana kuongeza gundi au kurefusha eneo la kushikana hakuongezi nguvu kwa kiasi kilekile. Na mkono ulionyooshwa wa askari wetu, kwa bahati mbaya, kila ukiguswa hubanduliwa.

Kuna adui mwingine asiyeonekana, naye ni joto. Polistirini hupanuka na kusinyaa zaidi ya bati mara tatu hivi. Kipande chenye urefu wa milimita 10 kikitolewa kwenye chumba chenye nyuzi 25 na kuwekwa katika friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri, plastiki husinyaa takriban milimita 0.03 na bati milimita 0.01. Tofauti ya milimita 0.02 inaonekana upuuzi mpaka ukumbuke kwamba gundi iliyo katikati nayo ni nyembamba kiasi hicho, pengine milimita 0.05. Inatakiwa ijivute pembeni kwa sehemu kubwa ya unene wake, na supaglu ya kawaida huvunjika ikinyooshwa asilimia chache tu. Sehemu ya mvutano hubebwa na plastiki yenyewe inayopinda kidogo, lakini kinachobaki kinatosha kuumiza. Ushahidi uko mikononi mwa wachezaji wenyewe: anayetaka kutenganisha sanamu ya zamani aliyoiunganisha kwa supaglu huiweka kwenye friza kwa saa kadhaa, kisha huikunja kidogo, nayo huachana kwa mlio mdogo. Mtu anaweza kupinga kwamba baridi peke yake ndiyo iliyoifanya gundi iwe rahisi kuvunjika, kwa kuwa viungo vya metali kwa metali navyo hudhoofika humo. Ni kweli baridi ina sehemu yake. Lakini hesabu ya kusinyaa haiondoki kwa sababu hiyo, nayo inatuambia jambo ambalo baridi peke yake haisemi: kadiri kiungo kilivyo kipana, ndivyo tofauti ya kusinyaa inavyozidi ukingoni. Bawa kubwa la plastiki lililogandishwa kwenye mgongo wa joka la metali lina uso mpana wa gundi, na upana huohuo ndio unaolihatarisha likiachwa ndani ya gari juani mchana na kurudi kwenye baridi ya usiku.

Basi tufanye nini? Mafundi wetu wa vyuma na miti walilijibu swali hili zamani. Kisu hakigandishwi kwenye mpini. Sehemu ya chuma hurefushwa na kuzamishwa ndani ya mti, ili mkono unaposukuma, mti uubebe msukumo kwa kina chote cha tundu. Wajenzi wa sanamu hufanya vivyo hivyo kwa waya. Wanatoboa kwa keekee ndogo ya mkono, wanaingiza kipande cha waya wa shaba au wa kibanio cha karatasi chenye kipenyo cha milimita moja, na kukigandisha pande zote mbili. Hesabu yake inapendeza. Waya wa milimita moja uliozama milimita 5 una uso wa pembeni wa karibu milimita 16 za mraba. Tumeongeza ndani ya tundu eneo la gundi kubwa kuliko milimita 9 tulizoanza nazo, na eneo hilo likivutwa, nguvu inateleza kando ya waya na haina ukingo wa kubandua. Mkono ukiguswa, waya unapinda kidogo na kurudi, au unapinda na kubaki hivyo, lakini hauachi sanamu bila mkono. Kutoboa plastiki kwa mashine ya umeme hakufai, kwa kuwa polistirini huanza kulainika karibu na nyuzi 100 na msuguano hufika huko upesi. Tundu linakuwa pana na lenye kuta zilizoyeyuka.

Gundi ya kuushika waya huo nayo ichaguliwe kwa ustahimilivu, na hapa historia ya ndege inasaidia. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Norman de Bruyne na wenzake huko Duxford, Uingereza, walitengeneza gundi ya Redux kwa kuunganisha resini ya fenoli, iliyo ngumu na rahisi kupasuka, na plastiki ya polivinili iliyo nyumbufu. Kiwanda cha de Havilland kiliitumia kuunganisha mbao na aluminiamu katika mabawa ya ndege ya Hornet, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1944. Mbao na aluminiamu ni jozi isiyolingana kama bati na plastiki, na ilichukuliwa hewani kwa mwendo mkubwa. Ugumu peke yake haukutosha. Ulihitaji kitu cha kuuzuia ufa usikimbie. Kwenye meza ya mjenzi, nafasi hiyo huchukuliwa na epoksi ya mirija miwili, kama Araldite inayouzwa katika maduka yetu ya vifaa vya ujenzi, au na supaglu iliyochanganywa na mpira. Epoksi hujaza pia mwanya kati ya nyuso zisizokutana sawasawa, jambo ambalo supaglu ya majimaji hailiwezi.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: mamilioni ya sanamu za metali zimesimama miongo mingi juu ya vitako vya plastiki kwa tone moja la supaglu, bila waya wala epoksi. Nalikubali, na nadhani linaitetea hoja yangu. Vitako vya aina hiyo, vilivyoenea tangu miaka ya 1980, vina ufa katikati, na chini ya miguu ya sanamu kuna ulimi wa metali unaoingia katika ufa huo. Ulimi ndio unaobeba. Gundi inauzuia tu usichomoke. Aliyebuni kitako kile alikuwa ameshatia mpini ndani ya kiungo kabla mnunuzi hajafungua kifurushi. Pingamizi la pili ni kwamba kuna vipande vyembamba visivyotoboleka, kama kifundo cha mkono chenye milimita 2, na hapo tundu la milimita moja linaondoa nyama nyingi kuliko linavyoongeza nguvu. Hilo ni kweli, na halina jibu kamili. Waya wa nusu milimita husaidia mara nyingine. Mara nyingine ni afadhali kukata mahali pengine, kiwikoni au begani, penye unene wa kutosha, na kuuacha mkono mzima uwe wa metali. Wengine watasema siku hizi karibu kila kitu kinatolewa kwa plastiki, kwa hiyo suala limepitwa na wakati. Sanamu za metali za miaka ya 1980 na 1990 bado zinauzwa, zinarithiwa na kukarabatiwa, na anayezipiga tupa akumbuke kwamba nyingi zina risasi: unga wake usivutwe puani, meza ifutwe kwa kitambaa kibichi, mikono ioshwe kabla ya kula, na mtoto asipewe kazi hiyo.

Kabla ya yote hayo, uso wa metali usafishwe. Kalibu za mpira hupakwa unga wa ulanga ili sanamu itoke, na unga huo pamoja na mafuta ya vidole huifanya gundi ishike uchafu badala ya metali. Maji ya sabuni na mswaki wa zamani vinatosha, kisha msasa mwembamba uondoe mng'ao. Na kiungo kikiachia, kichunguzwe kabla ya kupakwa gundi upya, kwa sababu mahali kilipovunjikia panasema chanzo. Gundi ikiwa imebaki yote kwenye plastiki kama kigamba cha kioo, na metali inang'aa tupu, basi uso wa metali haukuandaliwa au kiungo kilibanduliwa kutoka ukingoni. Gundi ikiwa imebaki pande zote mbili, ilipasuka yenyewe katikati: ilikuwa nene mno, au ngumu mno kwa mzigo uliokuja. Na waya ukiwa umechomoka na kipande cha plastiki kilichong'oka kikiwa bado kimeushikilia, gundi ilifanya kazi yake yote. Tundu lijalo litobolewe kina zaidi, mbali na ukingo, likielekea upande ambao plastiki ina unene.